Dini, msimamo mkali na siasa za Bongo: maswali yanayoulizwa kila siku hapa Mwanza

Haya maswali hayaishi. Utayasikia kijiweni Kirumba, kwenye daladala ya Buhongwa, kwenye magrupu ya WhatsApp uchaguzi ukikaribia, na kila mara yanaanza upya kama vile hayajawahi kujibiwa. Nimeyakusanya hapa. Mimi ni mtu wa Mwanza kwahiyo mifano mingi ni ya kanda ya ziwa, na maoni yangu sijayaficha, utayaona mwenyewe.

Msimamo mkali ni nini hasa? Mama yangu anaenda misa kila asubuhi, na yeye ana msimamo mkali?

Hapana bana, mwache mama. Mtu kuswali swala tano, kufunga, kwenda misa ya alfajiri, kukesha kwenye mkesha mpaka majogoo, hayo ni yake na Mungu wake. Nyerere alikuwa mtu wa misa karibu kila siku na Jimbo Katoliki la Musoma, majirani zetu hapo, ndo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mtakatifu, lakini ni huyo huyo aliyekuwa mkali kuliko wote mtu akitaka kuingiza dini serikalini.

Tunachoongelea hapa ni mtu anayesema maandiko yana tafsiri moja tu ambayo ni ya kwake, na kwamba sheria za nchi, shule, bucha, mavazi ya wanawake, vyote vifuate hiyo tafsiri hata kwa wasioiamini, na anayekataa anakuwa adui wa Mungu. Ukishafika hapo siasa imekwisha, maana siasa ni kukaa na mtu usiyekubaliana naye mkagawana kilichopo, sasa adui wa Mungu utagawana naye nini.

Na msidhani ni ishu ya Waislamu peke yao. Watu wa kwanza kujiita kwa jina hilo, kwa Kiingereza "fundamentalists", walikuwa Waprotestanti wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, waliokuwa hawataki hata nadharia ya Darwin ifundishwe shuleni.

Katiba inasemaje?

Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kubadili dini na kueneza dini yake, na inasema kuendesha jumuiya za dini kutakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inazuia kusajili chama cha siasa ambacho lengo lake ni kukuza maslahi ya dini fulani, au kabila, au eneo. Hii ya mwisho ndo yenye meno, shikeni hiyo.

Kama nchi haina dini mbona wimbo wa taifa unaanza na Mungu?

Kwasababu serikali haina dini ila wananchi wanazo. Rais anaapa ameshika Biblia au Kurani, Bunge linaanza na dua, mikutano ya kijiji huku Misungwi inafunguliwa na sala mbili. Hatujawahi kuwa nchi ya kuifukuza dini hadharani kama Ufaransa wanavyojaribu. Sisi tulikubaliana dini zote zikae sebuleni ila hakuna atakayepewa funguo za nyumba. Mimi naona ni mpango mzuri japo una kasoro zake nyingi tu, tutafika huko.

Tanzania ishawahi kuwa na chama cha kidini?

Ndiyo, kabla ya uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kilianzishwa AMNUT, chama cha Waislamu wa Tanganyika, hoja yao ilikuwa kwamba uhuru usiharakishwe mpaka Waislamu nao wapate elimu ya kutosha, wasije wakaachwa nyuma. Hoja yenyewe haikuwa ya kichaa ukiangalia shule zilikuwa mikononi mwa nani wakati ule. Lakini chama kilikufa, na waliokiua kwa sehemu kubwa ni Waislamu wenyewe waliokuwa TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru, maana TANU ya Dar na ya pwani ilijengwa na Waislamu wengi kweli kweli.

Vyama vingi viliporudi 1992 sheria ikafunga mlango, lakini mdomo haufungwi na sheria. CUF ikaitwa chama cha Waislamu, Chadema ikaitwa ya Wakristo, na 2010 ilipomsimamisha Dk. Slaa kugombea urais, ambaye aliwahi kuwa padri na katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, hiyo ngoma ilipigwa mpaka ikapasuka. Hapa Mwanza mwaka huo Chadema ilichukua majimbo ya Nyamagana na Ilemela yote mawili, tena Nyamagana ilimng'oa Waziri wa Mambo ya Ndani, na ukisikiliza watu walikuwa wanaongelea machinga, maji, ardhi na bei ya vitu, sio padri. Waliokuwa wanaongelea padri ni waliokuwa wanatafuta sababu ya kushindwa.

Alafu Machi 2019 Msajili wa Vyama aliiandikia barua ACT-Wazalendo, chama cha upinzani, ni muda mfupi tu baada ya Maalim Seif, mwanasiasa mkubwa wa Zanzibar, kuhamia huko kutoka CUF, na moja ya tuhuma ilikuwa wafuasi kutumia takbir, yaani kusema Allahu Akbar, kwenye shughuli za chama. Hapo ndo unaona ule ugumu. Sheria ya kuzuia udini ni nzuri, ila anayeishika ni serikali, na kwa mwenye serikali udini wa mpinzani unaonekana haraka kuliko wa kwake.

Upande wa pili nao mnamkumbuka Mchungaji Mtikila, aliyekuwa anahubiri na kuhutubia kwa pumzi moja, na yale matusi yake ya magabacholi dhidi ya Wahindi mwanzoni mwa miaka ya 90. Huyo huyo lakini ndo aliyepambana mahakamani kwa miaka na miaka kutetea mgombea binafsi mpaka Mahakama ya Afrika ikampa ushindi 2013. Binadamu hawakai kwenye boksi moja.

Hapa Mwanza kweli tuna hilo tatizo? Si mambo ya Zanzibar na Dar?

Watu wanapenda kusema Wasukuma hatuna udini, na mtaani ni kweli kiasi, nyumba moja unakuta Juma na Yohana baba mmoja mama mmoja. Lakini mmesahau 2013.

Mwanzoni mwa mwaka ule kanda nzima iliwaka kwa sababu ya nani achinje. Mazoea ya miaka na miaka ni kwamba nyama ya kuuza inachinjwa na Mwislamu ili kila mtu aweze kula. Baadhi ya Wakristo, hasa makanisa ya kilokole, wakasema hatutaki tena kula kilichochinjwa kwa ibada ya dini nyingine, tunataka kuchinja wenyewe na bucha zetu wenyewe. Waislamu nao wakasema basi hapo mnatufukuza buchani. Februari ikafika Buseresere, huko Geita, watu wakapigana na mchungaji mmoja akauawa. Kwa ng'ombe jamani. Serikali ikaja na viongozi wazito, ikakaa na masheikh na maaskofu, na msimamo ukawa ule ule wa zamani, kwamba nyama ya kuuzia watu wote wachinje Waislamu, na ukichinja kwako kwa ajili ya familia yako hakuna wa kukuuliza. Wapo Wakristo ambao mpaka leo hawajaridhika na jibu hilo, wanasema serikali isiyo na dini imewezaje kuipa dini moja kazi. Ukitafakari ni swali la haki kabisa na halijawahi kujibiwa kisheria, lilizimwa tu.

Ninachotaka mkione pale ni jinsi jambo lilivyopanda. Hakuna aliyeanza na kutaka dola ya Kikristo wala dola ya Kiislamu. Ilianza na kitoweo. Ikapanda madhabahuni na kwenye mimbari, ikapata spika na sidii za mihadhara, ikafika kwa diwani anayeogopa kupoteza kura za upande mmoja, na ilipofika kwa Waziri Mkuu mtu ameshakufa. Mwaka 1993 mabucha ya kitimoto, nyama ya nguruwe, yalivunjwa Dar kwa njia hiyo hiyo, ni dini tofauti ila ngazi ni ile ile.

Na Mei 2016 watu waliokuwa na mapanga waliingia msikitini Ibanda kule Mkolani wakati wa swala, wakaua watu watatu akiwemo imamu. Waislamu waliuawa wakiwa wanaswali. Hii naikumbusha kila mtu anapoanza kusema msimamo mkali ni Waislamu dhidi ya Wakristo, hapana, mara nyingi wa kwanza kulipa ni muumini wa kawaida wa dini hiyo hiyo.

Waislamu ni wengi au Wakristo ni wengi?

Hakuna ajuaye kwa takwimu za sensa, maana sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya 1967. Ukiona mtu anakupa asilimia zake kwa uhakika mwangalie usoni tu. Mwaka 2012 Sheikh Ponda na wenzake waliwaambia Waislamu wasusie sensa mpaka kipengele cha dini kirudi, na wapo waliosusia kweli. Serikali ikagoma, na 2022 nayo haikuuliza, tukahesabiwa milioni 61.7 bila dini. Mimi nipo upande wa kutouliza. Namba ikishatoka, kesho yake inaanza kuhesabiwa kwenye uteuzi wa ma-DC, wakuu wa wilaya.

Mahakama ya Kadhi ilikuwaje? Mbona kila uchaguzi inarudi?

Kwasababu ni ahadi tamu. Bara mahakama za kadhi zilikuwepo enzi za mkoloni, zikafutwa 1963 mfumo wa mahakama ulipounganishwa. Zanzibar wanazo mpaka leo, Kenya wanazo na zipo kwenye katiba yao. Zinashughulika na ndoa, talaka, mirathi kwa Waislamu, sio kukata watu mikono kama walivyoambiwa watu huko makanisani.

CCM waliigusa kwenye ilani ya 2005, kura zikapigwa, karibu miaka kumi ikapita. Kwenye Bunge la Katiba la 2014 ikarudi, Waziri Mkuu akaahidi mswada, mswada ukaletwa mwanzoni mwa 2015, maaskofu wakasimama kama mtu mmoja, Jukwaa la Wakristo likatoa tamko la kuwataka waumini waipigie Katiba Inayopendekezwa, ile katiba mpya iliyotoka kwenye Bunge hilo, kura ya hapana, mswada ukaondolewa, na kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa mpaka leo hii. Sitasema kadhi peke yake ndiye aliyeua ile katiba, sababu zilikuwa nyingi, lakini hiyo kamba alikuwa ameishika.

Nani alishinda? Sheikh hakupata mahakama, askofu hakupata katiba aliyotaka, wanasiasa walipata kura za 2005 na za 2010. Ukitaka kujua nani anatumia nani anza hesabu hapo.

Na OIC?

Zanzibar ilijiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992, ikagundulika, Bunge likachafuka, wabunge wa bara wakadai serikali ya Tanganyika, Nyerere akaingilia, Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Kilichokuwa ni dini kikageuka kuwa muungano ndani ya miezi michache. Uganda jirani zetu, nchi yenye Wakristo wengi, ni wanachama wa OIC toka enzi za Amin na hakuna kanisa lililofungwa kwa ajili hiyo.

Waislamu wanalalamika kwamba serikali inapendelea kanisa. Ni kweli au ni chokochoko?

Hili ni swali ambalo Wakristo wengi wanalikimbia, tulikae nalo kidogo.

Nenda Bugando. Ndo hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa, mtu anatolewa Kigoma au Ukerewe analetwa pale. Mwenye nayo ni Baraza la Maaskofu Katoliki, ilitaifishwa ikarudishwa kanisani 1985, na serikali inalipa watumishi. Nenda Malimbe, SAUT, chuo cha maaskofu, kimejaa wanafunzi wenye mkopo wa serikali. Mwaka 1992 serikali na makanisa walisaini makubaliano ya huduma za jamii, na Waislamu wengi ukiwauliza dukuduku lao watakutajia hayo makubaliano kabla hujamaliza swali.

Sasa hapa mambo mawili yote ni kweli. La kwanza, wamisionari walifika huku ziwani mapema, walishuka Kageye, wakajenga Bukumbi miaka ya 1880, wakafungua shule, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alitakiwa karibu abatizwe, kwahiyo pengo lilikuwepo na lilitengenezwa. Nyerere alitaifisha shule za misheni mwishoni mwa miaka ya 60 ili kulipunguza. La pili, wanaotibiwa Bugando hawaulizwi dini mlangoni, na ukiiondolea ruzuku leo anayeumia ni Zaituni wa Igoma kama anavyoumia Maria.

Upande wa Waislamu, 1968 jumuiya yao kubwa ya EAMWS ilipigwa marufuku na mwaka huo huo ikaja BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Wapo Waislamu ambao mpaka kesho wanaiona BAKWATA kama ofisi ya serikali iliyovaa kanzu, na ndo maana vikundi vya nje yake vikapata wasikilizaji. Ukimziba mtu mdomo kwenye mlango wa mbele atatafuta dirisha, na dirishani hakuna mtu wa kumwambia punguza sauti. Kwenye msikiti wa Mwembechai, Dar, Februari 1998, polisi walipoua watu kwa risasi kwenye vurugu zile, vijana wengi waliondoka na kinyongo ambacho hakijawahi kufanyiwa uchunguzi wa wazi.

Malalamiko ya kweli yasiyojibiwa ndo chakula cha mwenye msimamo mkali. Yeye haji na uongo mtupu, anakuja na ukweli nusu na hitimisho lake mfukoni.

Marais wanapokezana kwa dini? Iko kwenye sheria?

Haipo. Nyerere Mkatoliki, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki, Samia Mwislamu, kwahiyo watu wanaona mpangilio. Sheria inasema tu Rais na Makamu watoke pande mbili tofauti za Muungano. Na Samia aliingia Machi 2021 kwa sababu Magufuli alifariki, hakuna aliyepanga zamu. Ila wenye kugombea wanapiga hesabu hizo, tusidanganyane.

Askofu au sheikh akiikosoa serikali anachanganya dini na siasa?

Inategemea amesema nini, na huu ndo mtego mkubwa wa miaka hii.

Kwaresma ya 2018 maaskofu Katoliki walitoa waraka kuhusu kubanwa kwa demokrasia, Pasaka Walutheri wakatoa wao, ikatoka barua Wizara ya Mambo ya Ndani ya kuwataka KKKT wafute waraka wao, kelele zikawa kubwa mpaka waziri akaikana barua. Agosti 2023 maaskofu Katoliki wakapinga mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, na hapo kwenye mitandao ikaanza kwamba ni kwa sababu Rais ni Mwislamu na wawekezaji ni Waarabu. Wapo waliopinga mkataba kwa udini, usikatae, niliziona meseji. Lakini waraka wenyewe uliongelea vifungu. Ukijibu vifungu kwa kusema "mdini wewe" hujajibu kitu.

Aprili 30, 2025 Padri Kitima, katibu wa Baraza la Maaskofu ambaye sisi wa Mwanza tunamjua toka akiwa mkuu wa SAUT, akashambuliwa Dar akajeruhiwa kichwani. Juni mwaka huo huo kanisa la Askofu Gwajima likafutiwa usajili baada ya kukemea utekaji. Gwajima huyu huyu 2021 alikuwa mbunge wa Kawe akipinga chanjo ya corona madhabahuni mpaka Bunge likamsimamisha mikutano miwili.

Kwahiyo kipimo changu ni hiki, anayesema "serikali iache kuteka watu" anaongea jambo ambalo mpagani naye anaweza kulikubali au kulikataa kwa hoja. Anayesema "msichanje kwa sababu mimi nimeoneshwa" hajakuachia pa kushika. Wa kwanza ni raia mwenye joho, wa pili ndo tunayemuongelea kwenye ukurasa huu, na Gwajima amewahi kuwa wote wawili.

Magufuli na corona je?

Mwaka 2020 alisema makanisa na misikiti visifungwe, corona ni shetani, tukafanya siku tatu za maombi, na Juni akatangaza imeisha kwa nguvu za Mungu. Watu wengi hapa walifarijika na siwacheki, hofu ilikuwa kubwa na watu wa kula kwa siku wasingeweza kukaa ndani. Tatizo ni takwimu ziliacha kutolewa mwishoni mwa Aprili, na ukiuliza unaonekana huna imani. Imani ikishakuwa jibu la swali la wizara ya afya, waziri hana tena kazi.

Na waganga? Mbona hamuwataji?

Uganga sio msimamo mkali wa dini, ila kwa kanda yetu huwezi kuuruka. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalishika kasi huku kuanzia 2007 hivi, na hofu inapanda kila uchaguzi kwa sababu inasemwa wagombea wanatafuta dawa ya ushindi. Januari 2015, mwaka wa uchaguzi, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mgombea huyo huyo Jumapili yuko kanisani kiti cha mbele.

Majirani zetu wa ziwa wakoje?

Uganda ndo ya kuangalia kwa karibu. Kule kaskazini Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, alidai kupigania Amri Kumi huku anateka watoto. Machi 2000 Kanungu mamia ya waumini walikufa mikononi mwa viongozi wao wenyewe. Na Kampala wahubiri wa kutoka Marekani walikuja 2009 kufanya semina kuhusu ushoga, muda mfupi baadaye mswada ukaingia bungeni, na 2023 ikapita sheria ambayo ndani yake kuna hadi adhabu ya kifo. Watu wengi huku wataiunga mkono hiyo sheria na sitabishana nao hapa, ila angalieni njia iliyopita, kutoka semina ya wageni hadi bungeni.

Kenya 2010 makanisa mengi yalipinga katiba mpya kwa ajili ya kadhi na utoaji mimba, ikapita kwa asilimia 67 hivi. Na 2023 ikaja Shakahola, zaidi ya miili 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndo wamwone Yesu. Baada ya hapo hata huku kwetu watu wakaanza kuuliza nani anasajili haya makanisa ya turubai. Jibu ni Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kijana wangu amebadilika, ameacha shule, anasema serikali ya makafiri. Nifanye nini?

Usianze na polisi na usianze na kumfukuza, ukimfukuza wanaomtaka wana pa kumlaza. Tafuta imamu au mchungaji anayemheshimu na mwenye elimu, maana hawa vijana hoja ya "acha ujinga" haiwafikii, wanataka aya. Ila ukisikia safari ya kusini au ya Msumbiji hapo sio ushauri tena. Oktoba 2020 kundi lililovuka kutoka Cabo Delgado lilivamia Kitaya, Mtwara, wakaua watu, na vijana wetu wapo waliokwenda kujiunga huko. Hapo toa taarifa, hata kama ni mwanao.

Mgombea akija kanisani au msikitini na mifuko ya simenti, ni kosa?

Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza zawadi za kushawishi wapiga kura. Wenyewe wanajua, ndo maana simenti inaletwa miezi kadhaa kabla na inaitwa harambee. Kama wewe ni mzee wa kanisa au upo kamati ya msikiti, pokea sadaka kama ya muumini mwingine yeyote, mwandikie risiti, na kipaza sauti usimpe.